Rola kosta za mbao: Mtikisiko ni dalili, tatizo ni bajeti

Na Mwandishi Wetu

JIONI ya Agosti 25, 2022, treni ya rola kosta iitwayo El Toro ilikuwa ikikimbia kwenye njia yake katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, mjini Jackson, jimbo la New Jersey nchini Marekani, pale abiria walipohisi kishindo cha ghafla, mithili ya gari linalotumbukia shimoni likiwa katika mwendo mkali. Treni haikuacha reli wala haikupinduka. Hata hivyo, watu 14 waliumia, na watano kati yao walipelekwa hospitali.

Idara ya Masuala ya Jamii ya jimbo hilo, ambayo ndiyo yenye dhamana ya usalama wa mitambo ya burudani, iliifunga rola kosta hiyo na kueleza kwamba muundo wake ulikuwa umedhoofika. Haikubeba tena abiria hadi Juni 2023.

Tukio hilo lingeweza kupita kama ajali nyingine ndogo ya mahali pa starehe, lau si jambo moja. El Toro, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilikuwa ikisifiwa na wapenzi wa michezo hiyo kuwa ni miongoni mwa rola kosta za mbao zenye safari laini kuliko nyingine. Kwa maneno mengine, iliyopata shimo si ile kongwe iliyozoeleka kutikisa mifupa ya abiria, bali ile iliyojengwa ili kuthibitisha kwamba mbao zinaweza kuteleza kama chuma.

Swali linalojitokeza ni hili: Je, mtikisiko ni tabia ya mbao ambayo abiria hana budi kuivumilia, au ni taarifa ya kazi ambayo haikufanyika kwa wakati wake? Historia ya mitambo hii katika kipindi cha zaidi ya miaka 20 iliyopita inaelekeza kwenye jibu la pili. Na jibu hilo linawahusu watu wengi kuliko wanaopanda, kwa kuwa uamuzi wa kutengeneza, kubadili au kubomoa sasa umo mikononi mwa kampuni chache kubwa zenye madeni na wanahisa.

Mbao ni njia, si nguzo

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, rola kosta ni treni ndogo ya burudani isiyo na injini. Huvutwa kwa mnyororo hadi kileleni, kisha huachiwa iteremke, ipande na ikate kona kwa nguvu ya uzito wake yenyewe hadi irudi kituoni. Zipo zenye reli za chuma tupu na zipo za mbao.

Wengi hudhani kinachoifanya iitwe ya mbao ni ule msitu wa nguzo unaoonekana kwa mbali. Sivyo. Cyclone ya Coney Island mjini New York, iliyofunguliwa Juni 26, 1927 na ambayo ni moja ya alama za kihistoria za jiji hilo, imesimama juu ya fremu ya chuma. Kinachohesabika ni njia yenyewe. Reli ya rola kosta ya mbao hutengenezwa kwa tabaka za mbao, kwa kawaida saba au nane, zilizolazwa moja juu ya nyingine na kukazwa kwa misumari na boliti. Nchini Marekani mbao inayotumika zaidi ni ya msonobari wa njano wa Kusini. Juu ya tabaka hizo hufungwa mkanda mwembamba wa chuma, na magurudumu hupita juu ya mkanda huo.

Tabaka za juu huwa pana kuliko za chini ili kuacha ukingo. Chini ya ukingo huo hupita magurudumu yanayoizuia treni isiruke. Ubunifu huo ulipewa hataza mwaka 1919 kwa mhandisi wa Marekani, John Miller, na ndio uliofungua mlango wa miteremko mikali ya miaka ya 1920. Kabla yake, mitambo kama Leap-the-Dips ya mjini Altoona, Pennsylvania, iliyojengwa mwaka 1902 na ambayo ndiyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani, haikuwa na kitu cha kuishikilia treni kwa chini. Kwa hiyo ilibidi iende polepole.

Hivyo basi, chuma anachopita abiria ni mkanda tu. Kilicho chini yake, kinachopokea uzito wote wa treni na watu wake, ni mbao. Na mbao, kama ajuavyo fundi seremala au mwenye jahazi yeyote, haitulii. Ikilowa huvimba, ikikauka husinyaa, ikipigwa jua hupasuka, ikiachwa na unyevu huoza.

Jinsi ulaini unavyopotea

Rola kosta mpya ya mbao kwa kawaida haiumizi. Kinachofuata ni kazi ya muda. Kila treni inapopita kwenye bonde kati ya vilima viwili, uzito wake huongezeka maradufu na zaidi kwa sababu ya mwendo. Kwenye kona, magurudumu ya ubavuni huisukuma reli kwenda nje. Mbao hubonyea kidogo, boliti hulegea kidogo, na tundu la msumari hupanuka kidogo.

Upana kati ya reli mbili ukiongezeka hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, treni hupata nafasi ya kuyumba. Hugonga upande huu, kisha upande ule, na kila pigo huilegeza njia zaidi. Msomaji aliyewahi kusafiri kwenye barabara ya changarawe iliyofanya mawimbi anaujua mzunguko huo: Gari hurukaruka kwa sababu ya mawimbi, na mawimbi huongezeka kwa sababu gari linarukaruka.

Hapa ndipo penye jambo la msingi ambalo mara nyingi husahaulika. Nguvu inayoutikisa mgongo wa abiria ndiyo hiyo hiyo inayoitikisa mbao. Abiria na reli wanapigwa kwa pigo moja. Safari inapoanza kuwa ya maumivu, si starehe peke yake inayopungua, bali pia umri wa muundo mzima. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na katika mitambo hii mawingu huonekana kwanza kwenye shingo za abiria.

Dawa yake inajulikana na wala si siri ya kitaalamu. Kila asubuhi kabla ya kufungua, mafundi hutembea juu ya njia wakitazama boliti, misumari na mkanda wa chuma. Katika majira ya baridi, bustani nyingi za kaskazini mwa Marekani zinapofungwa, sehemu zilizochoka hufumuliwa. Mkanda wa chuma hung'olewa, tabaka zilizoharibika huondolewa, mbao mpya hulazwa na kukunjwa kufuata kona, hupigwa randa, kisha chuma hurudishwa. Ni kazi ya mikono, ya polepole, inayofanyika mahali pa juu na kwenye baridi kali. Na haina mwisho, kwa kuwa sehemu moja inapokamilika nyingine huwa imeanza kuchoka.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo haionekani. Mteja haoni mbao mpya chini ya chuma. Hakuna bango la matangazo linaloweza kuvuta umati kwa kusema kwamba mwaka huu tumebadili boliti.

Mnyama na mwanawe

Hakuna mahali panapoonyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko bustani ya Kings Island, katika mji wa Mason, jimbo la Ohio. Ni hapo ambapo, mwaka 1972, rola kosta iitwayo The Racer ilifufua hamu ya mitambo ya mbao iliyokuwa imefifia tangu mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Mwaka 1979 bustani hiyo ilifungua The Beast, yaani Mnyama, yenye urefu wa mita 2,243 zinazopita katikati ya msitu. Hadi leo hakuna rola kosta ya mbao iliyo ndefu kuliko hiyo.

Mwaka 2000 likaja wazo la kumzalia Mnyama mtoto. Son of Beast, Mwana wa Mnyama, ilipanda hadi mita 66, ikakimbia kilomita 126 kwa saa, na ikawa na kitanzi cha kuwageuza abiria miguu juu kichwa chini, jambo ambalo hakuna rola kosta nyingine ya mbao ya wakati huo iliyokuwa nalo. Ili kupita kwenye kitanzi hicho ilihitaji treni nzito.

Hesabu ndogo inatosha kueleza kilichofuata. Nguvu anazobeba mtu na mbao kwenye kona huongezeka kwa mraba wa mwendo. The Beast hukimbia karibu kilomita 104 kwa saa. Kutoka 104 hadi 126 ni ongezeko la takriban asilimia 21 ya mwendo, lakini kwenye kona ya ukubwa ule ule ni ongezeko la karibu asilimia 47 ya nguvu. Ongeza juu yake uzito wa treni yenyewe, kisha weka mzigo huo wote juu ya mbao na misumari.

Julai 9, 2006, boriti moja ya muundo huo ilipasuka, njia ikadidimia, na treni iliyojaa watu ikapita juu ya shimo hilo. Watu 27 waliumia. Wamiliki walikiondoa kitanzi, wakaleta treni nyepesi zaidi, na mwaka 2007 safari zikaendelea. Juni 2009 rola kosta hiyo ilifungwa tena baada ya abiria mmoja kudai kwamba alipata madhara kichwani kutokana na safari. Haikufunguliwa tena. Mwaka 2012 ilibomolewa, na mahali pake mwaka 2014 pakafunguliwa Banshee, rola kosta ya chuma.

Wapo waliolichukua anguko hilo kama hukumu dhidi ya mbao. Lakini hukumu hiyo haiwezi kusimama, kwa sababu mita chache kutoka hapo The Beast iliendelea kupokea abiria. Kabla ya msimu wa 2022, njia yake yenye urefu wa zaidi ya mita 600 ilijengwa upya kwa msaada wa kampuni ya The Gravity Group, na mteremko wa kwanza ukabadilishwa kutoka nyuzi 45 hadi nyuzi 53. Yaani mtambo wa miaka 43 ulifanywa kuwa mkali zaidi kuliko ulivyozaliwa, na papo hapo ukawa laini zaidi.

Aidha, mwaka 2017 bustani hiyo hiyo ilijenga rola kosta nyingine mpya ya mbao, Mystic Timbers. Hii ina mita 33 tu, nusu ya kimo cha Mwana wa Mnyama, na mwendo wake ni kama kilomita 85 kwa saa. Wamiliki hawakuikimbia mbao. Walichoacha ni kuilazimisha ibebe kilicho zaidi ya uwezo wake.

Dawa ya chuma

Si kila mmiliki aliyechagua njia ya Mnyama. Kuanzia mwaka 2011 limeenea suluhisho jingine, nalo ni kuing'oa njia ya mbao na kuweka ya chuma juu ya nguzo zile zile. Kampuni inayoongoza kwa kazi hiyo ni Rocky Mountain Construction ya jimbo la Idaho.

Ya kwanza ilikuwa Texas Giant, ya bustani ya Six Flags Over Texas mjini Arlington. Ilifunguliwa mwaka 1990, ikafungwa mwaka 2009 na kurudi mwaka 2011 ikiwa na reli za chuma na jina jipya, New Texas Giant. Nyingine zikafuata. Mean Streak ya Cedar Point, mjini Sandusky, Ohio, iliyofunguliwa mwaka 1991 ikiwa na mita 49 na iliyopata sifa mbaya ya kuumiza, ilifungwa mwaka 2016 na kurudi mwaka 2018 kama Steel Vengeance yenye mita 62. Gwazi ya Tampa, Florida, iliyofungwa mwaka 2015, ilirudi mwaka 2022 kama Iron Gwazi. Wimbi hilo lilivuka bahari pia: White Cyclone ya Nagashima nchini Japani ilirudi kama Hakugei mwaka 2019, na Robin Hood ya Walibi Holland ikawa Untamed mwaka huo huo.

Ukizitazama tarehe zao za kuzaliwa utaona jambo. Texas Giant ni ya 1990, Mean Streak 1991, White Cyclone 1994, Gwazi 1999, Robin Hood 2000. Nyingi ni za muongo mmoja, muongo ambao bustani zilishindana kujenga kirefu na cha kasi zaidi, mara nyingi bila kujiuliza nani atakitunza baada ya matangazo kuisha. Wakati huo huo, mitambo midogo ya miaka ya 1920 iliendelea kufanya kazi. Kilichochoka haraka si kile kilichokuwa na umri mkubwa, bali kile kilichobebeshwa mzigo mkubwa.

Kwa upande wa biashara, dawa ya chuma ina mantiki isiyopingika. Gharama ya mafundi seremala hupungua, abiria hupata safari laini, na meneja wa masoko hupata jina jipya la kutangaza. Fedha ambazo zingetumika kwa ukarabati usioonekana hugeuka uwekezaji unaoonekana.

Hata hivyo, ni kosa kuchanganya ulaini na usalama. Julai 2013, abiria mmoja alianguka kutoka New Texas Giant na kufariki dunia. Reli zilikuwa laini, na marekebisho yaliyofanywa kabla ya kuifungua tena Septemba mwaka huo yalihusu vizuizi vya kumshikilia abiria na mikanda ya viti, si njia. Chuma huondoa aina moja ya hatari na kuacha nyingine zikisubiri uangalizi.

Mbao za kiwandani

Kati ya njia hizo mbili kulikuwa na ya tatu, na ndiyo iliyotuleta kwenye kishindo cha New Jersey. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Intamin ilianza kujenga rola kosta za mbao ambazo reli zake hazikukunjwa na seremala juu ya nguzo. Tabaka nyembamba za mbao ziliunganishwa kwa gundi, zikachongwa kiwandani kwa vipimo vya mashine, kisha zikasafirishwa kama vipande vya kuunganisha. Colossos ya Heide Park, mjini Soltau nchini Ujerumani, ilifunguliwa kwa teknolojia hiyo mwaka 2001. Zikafuata Balder ya Gothenburg, Sweden, mwaka 2003, El Toro mwaka 2006 na T Express ya Korea Kusini mwaka 2008.

Matokeo yalistaajabisha. El Toro ilipanda mita 55 na kukimbia karibu kilomita 113 kwa saa, mwendo ambao ungeitetemesha njia ya kawaida ya mbao, lakini abiria walihisi kama wanateleza. Ikaonekana kwamba tatizo limemalizwa.

Halikumalizwa, liliahirishwa. Mwaka 2016 Colossos ilifungwa kwa sababu njia yake ilikuwa imechakaa. Haikuwa suala la kumtuma seremala na mbao chache, kwa kuwa vipande hivyo hutengenezwa kiwandani. Njia nzima ililazimika kuwekwa upya, kazi iliyogharimu mamilioni ya euro, na abiria walirudi mwaka 2019. Nayo El Toro, Juni 2021, behewa lake la mwisho liliacha njia kwa sehemu. Hakuna aliyeumia, lakini mtambo ulifungwa hadi msimu uliofuata. Agosti ya msimu huo ndipo kilipokuja kile kishindo.

Fundisho lake ni kwamba ulaini wa siku ya kwanza si dhamana ya siku ya elfu. Huenda hata ukapumbaza. Njia ya kizamani huanza kulalamika mapema, na fundi husikia na kwenda kukaza boliti. Njia iliyo ngumu na laini hukaa kimya kwa miaka mingi, na inapozungumza huzungumza kwa mara moja.

Wanaotunza

Kuna mifano ya upande wa pili. Katika bustani ya Knoebels, karibu na Elysburg, Pennsylvania, ipo rola kosta ya mbao iitwayo Phoenix. Ilijengwa San Antonio, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1940, ikafungwa mwaka 1980, kisha ikafumuliwa, ikasafirishwa na kusimikwa upya Pennsylvania mwaka 1985. Ina mita 24 tu. Kwa vipimo vya ukubwa haina la kujivunia. Lakini tangu mwaka 2018 imeshinda mara kadhaa tuzo za Golden Ticket za sekta hiyo kama rola kosta bora ya mbao duniani, ikiishinda mitambo yenye kimo mara mbili yake.

Knoebels ni mali ya familia iliyoanza na kilimo na biashara ya mbao kabla ya kufungua bustani mwaka 1926. Familia hiyo iliwahi hata kujijengea yenyewe Flying Turns, mtambo ambao treni yake hupita ndani ya mfereji wa mbao usio na reli, uliofunguliwa mwaka 2013. Mahali ambapo seremala ni sehemu ya nyumba, gharama ya kumlipa haionekani kama mzigo wa kupunguzwa.

Cyclone ya Coney Island nayo imepitia kufumuliwa na kujengwa upya sehemu kwa sehemu, majira ya baridi moja baada ya mengine, kazi iliyofanywa na kampuni ya Great Coasters International. Kampuni hiyo ndiyo iliyobuni pia treni ambazo kila behewa lina kiti kimoja cha watu wawili, hivyo mabehewa hujipinda kufuata kona badala ya kuilazimisha reli impishe mgeni mgumu. Siku hizi kuna pia mbao zinazokatwa kiwandani kwa umbo la kona ili zisikunjwe kwa nguvu, na vipande vya reli za chuma vinavyopachikwa sehemu korofi tu huku njia iliyobaki ikiachwa kuwa ya mbao. Utaalamu, kwa hiyo, upo. Kinachopungua ni uamuzi.

Nani anakagua, nani analipa?

Tangu mwaka 1981, serikali kuu ya Marekani haina mamlaka ya kusimamia mitambo ya burudani iliyojengwa mahali pamoja. Kila jimbo hufanya lake. Huko Ohio kazi hiyo iko chini ya Idara ya Kilimo. New Jersey ni Idara ya Masuala ya Jamii. Texas hutegemea zaidi ukaguzi unaoambatana na bima. Kwa utaratibu huo, mkaguzi ana uwezo wa kuifunga njia iliyovunjika, lakini safari inayoumiza bila kuvunjika hubaki kuwa suala la biashara kati ya mmiliki na mteja wake.

Ndiyo sababu tukio la Julai 1, 2024 lina uzito. Siku hiyo kampuni za Six Flags na Cedar Fair ziliungana na kuwa kampuni moja, ikiwa na bustani 42 Marekani, Kanada na Mexico pamoja na deni la mabilioni ya dola. The Beast, El Toro, Steel Vengeance na New Texas Giant, zote zilijikuta chini ya mwenye mali mmoja. Kampuni moja ikawa imeshika mkononi mifano yote tuliyoitaja: aliyetunza, aliyebadili na aliyengoja hadi kishindo kikasikika.

Dalili za awali zinatia wasiwasi. Novemba 2, 2025, kampuni hiyo ilifunga moja kwa moja bustani ya Six Flags America katika jimbo la Maryland. Ndani yake ilikuwamo Wild One, rola kosta ya mbao iliyojengwa Massachusetts mwaka 1917 na kuhamishiwa Maryland mwaka 1986. Haikufungwa kwa kuwa iliumiza watu. Ilifungwa kwa kuwa bustani nzima haikuwa na nafasi katika mahesabu ya kampuni.

Mtu anaweza kuuliza, kuna ubaya gani mitambo ya zamani ikitoweka na nafasi yake kuchukuliwa na chuma kilicho laini? Jibu halipo kwenye hisia za wazee peke yake. Rola kosta ya mbao ni miongoni mwa mashine chache za umma ambazo mtumiaji wa kawaida anaweza kuupima utunzaji wake kwa mwili wake mwenyewe, bila cheti wala kifaa. Abiria anaposhuka akiwa ameshika kiuno, ametoa ripoti ya ukaguzi. Kampuni inayoipokea ripoti hiyo kama malalamiko ya watu waoga itaendelea kuokoa fedha za boliti hadi siku ya kulipia boriti.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko Mason hata ukuta haukujengwa, ulibomolewa. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua hatima ya rola kosta za mbao asitazame matangazo ya mitambo mipya. Atazame ni mafundi wangapi watakaokuwa juu ya nguzo wakati wa baridi, bustani zikiwa tupu, na ni mbao ngapi mpya zitakazokuwa zimelazwa chini ya mkanda wa chuma kabla ya malango kufunguliwa tena.